Seli za Puani na Mgongo wa Mdogo Wangu

Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho habari za mwili na viungo vyake, katika sura ya 12 ya waraka wa kwanza, hakuisahau pua. Alitaja jicho, sikio, mkono na mguu, kisha akauliza habari ya kunusa. Nimesikia mahubiri mengi juu ya sura hiyo, hasa siku za kuwaingiza kazini wazee wa kanisa, na sikumbuki mhubiri aliyesimama hata dakika moja penye kunusa. Jicho hupata hotuba yake, mkono na mguu pia. Pua hupitwa.

Mimi nimelazimika kusimama hapo kwa sababu ya mdogo wangu, ninayeishi naye hapa Kaloleni. Mwaka 2015, akiwa na miaka 31, alianguka kutoka kwenye mparachichi nyumbani kwetu, kule juu Meru. Pingili mbili za mgongo zilivunjika, na uti wa mgongo unaopita ndani yake ukaumia. Tangu siku ile, kuanzia kitovuni kwenda chini hana nguvu wala hisia.

Mtu akisikia mgonjwa kapooza miguu, hapa mjini hudhani mara moja kwamba ni bodaboda. Lakini watafiti waliopitia rekodi za waliovunjika mgongo na kupokelewa KCMC, Moshi, waliona kwamba kuanguka kunatangulia na ajali za barabarani zinafuata. Kwa sisi tuliolelewa mlimani si jambo la kushangaza. Tunapanda miti kukata majani ya ng'ombe, kuchuma parachichi, kupunguza matawi yanayoitia kahawa kivuli kingi. Nyumbani kwetu ni mteremko na matope, kiti mwendo hakiwezi kwenda hatua kumi. Ndiyo maana alishuka kuja kukaa kwangu, ambako angalau bajaji inafika karibu na mlango.

Miaka michache baada ya ajali, kijana mmoja wa jumuiya yetu alikuja kwenye ibada ya nyumba kwa nyumba na video katika simu yake. Ilimwonyesha mtu wa Poland aliyekuwa amepooza, naye anatembea kwa kushikilia fremu ya chuma. Maelezo yalisema ameponywa kwa seli zilizotolewa puani. Chumba kizima kilisimama. Mama mmoja akaanzisha pambio. Kabla hatujaagana, kamati ya michango ilikuwa imekwisha kuundwa, na wiki iliyofuata kadi zilikuwa zimechapishwa. Kijana yule alikuwa amewasiliana na kliniki moja nje ya nchi kwa WhatsApp, wakamjibu kwamba wanatoa tiba hiyo, gharama dola 22,000, nauli mbali.

Nilifundisha baiolojia sekondari kwa miaka 27 kabla ya kustaafu. Mwinjilisti akaniambia, "Mwalimu, wewe ndiye unayeweza kutusomea mambo haya. Utuletee neno wiki ijayo." Kwa hiyo nilisoma. Yafuatayo ndiyo niliyoyakuta.

Mtu akikatwa na panga mkononi, neva zilizokatika zinaweza kuota tena, polepole sana, karibu milimita moja kwa siku. Ndani ya ubongo na uti wa mgongo haiwi hivyo. Nyuzi zilizokatika hujaribu kuota, zinafika penye kovu, zinakwama. Kovu lenyewe lina kazi yake, maana linazuia madhara yasienee, lakini kwa kufanya hivyo linaifunga pia njia. Ndiyo sababu mkono uliovunjika hupona, na mgongo ukivunjika mfupa hupona lakini mtu hainuki.

Sasa pua. Juu kabisa ndani yake kuna eneo dogo la utando laini lenye neva za kunusa. Neva hizi zimekaa wazi mbele ya hewa. Kila vumbi la Arusha, kila moshi wa mkaa, kila mafua, kila pilipili inayokaangwa inazigusa. Kwa hiyo zinachakaa na kufa baada ya wiki kadhaa au miezi michache. Lakini chini yake zipo seli shina ambazo huzaa neva nyingine, maisha yote, hata kwa mzee. Neva mpya ikishazaliwa hutoa uzi wake, uzi unapanda juu, unapenya mfupa mwembamba wenye matundu kama chekeche, unaingia katika sehemu ya ubongo inayopokea harufu, iitwayo balbu ya kunusa. Msomaji aone vizuri jambo hilo: uzi mpya, kwa mtu mzima, unaingia ubongoni na kupata mahali pake pa kuungana, mahali ambapo vitabu tulivyofundishia vilisema hakuna uzi unaoota.

Nani anaupokea mlangoni? Hapo ndipo zinapoingia seli za glia. Neno hilo ni la Kigiriki, maana yake gundi. Rudolf Virchow, daktari wa Kijerumani wa karne ya 19, aliziita hivyo kwa kudhani kazi yake ni kuzishikilia tu neva zisitawanyike. Kwa muda mrefu neva zilipewa sura nzima vitabuni na glia mistari miwili, na nakiri hata mitihani yetu haikuziuliza. Lakini glia za njia ya kunusa zina tabia yake. Zinazikumbatia nyuzi changa kwa mafungu, zinasindikizana nazo kutoka puani hadi ndani ya ubongo, zinameza mabaki ya nyuzi zilizokufa ili njia iwe safi, na pale mpakani, penye ukuta wa ubongo, zinazifungulia nyuzi zipite. Mwaka 1985 mtafiti wa London, Geoffrey Raisman, alieleza mpangilio huo, na akatumia maisha yake yaliyobaki kwa swali moja: je, seli hizi zikitolewa puani zikawekwa penye uti wa mgongo uliokatika, zitafungua njia na huko?

Mwaka 1997 yeye na wenzake walitangaza walichoona kwa panya. Panya aliyekatwa njia ya neva inayouongoza mguu wa mbele hawezi tena kuunyoosha kuchukua chakula. Waliopandikizwa seli zile, baadhi yao walianza tena kunyoosha. (Panya wametusaidia sana katika mambo ya pua. Pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linawafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyozikwa ardhini na kifua kikuu katika makohozi. Magawa, panya aliyezaliwa huko, alipewa medali ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Mdogo wangu anaipenda habari hiyo kuliko zote nilizomsomea.)

Kutoka kwa panya hadi kwa mtu ilipita miaka mingi. Mtu wa kwenye video anaitwa Darek Fidyka. Mwaka 2010 alichomwa kisu mgongoni mara kadhaa, na uti wake wa mgongo ukakatika, ukabaki ukanda mwembamba tu upande mmoja. Pengo lilikuwa la milimita 8. Mwaka 2012, katika mji wa Wrocław, daktari Paweł Tabakow na wenzake, wakishirikiana na Raisman, walifungua fuvu la kichwa chake, wakatoa balbu moja ya kunusa, wakazikuza seli zake maabara kwa muda wa wiki mbili hivi. Kisha wakamfungua mgongo, wakazidunga seli zile kwa sindano ndogo kama 100 juu na chini ya pengo, na pengo lenyewe wakaliziba kwa vipande vinne vya neva vilivyokatwa kwenye kifundo cha mguu wake, viwe kama daraja. Baada ya miezi mitatu paja lake moja lilianza kunenepa. Baada ya miezi sita alipiga hatua akishikilia vyuma viwili sambamba, amefungwa vyuma vya miguu, mtaalamu wa mazoezi ya viungo akiwa pembeni. Baadaye akaweza kutembea nje kwa fremu, na sehemu ya hisia zake ikarudi, pamoja na za kibofu. Ripoti ilitoka mwaka 2014.

Nilipofika hapo nilifunga kompyuta nikakaa kimya. Niliona kweli kuna jambo hapa. Sikuwa tayari kuwaambia watu wa jumuiya kwamba ni uongo, kwa sababu si uongo.

Lakini kulikuwa na mengine. Fidyka ni mtu mmoja. Wataalamu wengi walisema wazi kwamba kwa mtu mmoja huwezi kujua kilichomsaidia ni seli za puani, ni daraja la neva, ni ule ukanda uliobaki, au ni mazoezi. Kule Brisbane, Australia, timu ya Alan Mackay-Sim ilikuwa imeanza mwaka 2002 kuwapandikiza wagonjwa watatu seli kutoka pua zao wenyewe. Waliwafuatilia miaka mitatu: hakuna aliyedhurika, na hakuna aliyetembea. Kisha kuna habari iliyonifanya niwe mkali. Katika hospitali moja Ureno walikuwa wakipandikiza vipande vya utando wenyewe wa puani, bila kuzichambua kwanza seli. Mwanamke mmoja aliyefanyiwa hivyo alianza kuumwa mgongo miaka minane baadaye. Alipopasuliwa akakutwa na uvimbe mgongoni, na uvimbe ule ulikuwa unatoa kamasi. Utando wa puani ulikuwa umefanya kazi yake ya kawaida, mahali pasipo pake.

Na kliniki ya kwenye WhatsApp? Niliwaandikia maswali manne. Mnachukua seli kutoka wapi? Mnazikuza vipi? Wagonjwa wangapi mmewafuatilia, kwa miaka mingapi? Majibu yenu yamechapishwa wapi? Walinijibu kwa picha za wagonjwa wanaotabasamu na namba ya akaunti ya benki. Chini kabisa ya fomu yao kulikuwa na sentensi inayosema matokeo yanategemea mwili na bidii ya mgonjwa mwenyewe.

Sentensi ile niliijua. Nilikwisha kuisikia kwa maneno mengine kabisa. Mwaka wa pili baada ya ajali, tulimpeleka mdogo wangu kwenye mkutano wa nje wa mhubiri mmoja mgeni. Aliitwa mbele, akashikwa mkono, akaamriwa asimame. Walimvuta juu, miguu ikakunjamana kama nguo, wakamrudisha kwenye kiti. Mhubiri akaueleza umati kwamba uponyaji umekwisha kutoka, imani ya mgonjwa ndiyo haijaupokea. Tulirudi nyumbani na bajaji bila kusemezana. Usiku ule mdogo wangu aliniuliza, "Dada, kwa hiyo nikiwa hivi ni kosa langu?"

Nimeliwaza sana swali lile. Mhubiri na kliniki hawafahamiani, mmoja ana Biblia na mwingine ana maabara, au anasema anayo. Lakini wote wawili waliahidi, na wote wawili walikuwa wameandaa mapema mahali pa kuuweka mzigo ikiwa ahadi haitatimia, nao ni juu ya mgongo uleule uliovunjika.

Wiki ilipofika nikawaeleza jumuiya yote hayo, kama nilivyoyaandika hapa. Nikawaambia pia habari ya David Nicholls, ambayo ilinigusa kuliko sindano na maabara. Huyu ni mpishi Mwingereza. Mwanawe Daniel alipooza mwaka 2003 kwa ajali akiogelea Australia. Baba akamwahidi mwanawe kwamba atatafuta mpaka apate njia, akaanzisha mfuko, na fedha za mfuko huo ni sehemu ya zilizolipia kazi iliyomfikisha Fidyka kwenye hatua zake za kwanza. Aliyeinuka akawa mtoto wa watu wengine. Daniel alibaki kwenye kiti chake, na baba akaendelea kuchangisha.

Katika Yohana sura ya 5, kando ya lile birika, walilala wagonjwa wengi. Bwana alimwinua mmoja, yule wa miaka 38. Sisi huhubiri juu ya huyo mmoja. Nimetamani siku moja mtu atuhubirie juu ya waliobaki wamelala wakati yule anaondoka na godoro lake. Walimwona. Baadhi yao labda walimjua kwa jina. Usiku ule walilala vipi? Mdogo wangu yupo kati ya hao, na Daniel pia, na wote tunaowaona pale kliniki ya mgongo tunapokwenda. Neno lolote la matumaini ninaloleta nyumbani ni lazima liweze kusemwa mbele yao bila kuona haya.

Mama mmoja wa jumuiya, mtu ninayemheshimu na aliyekuwa amechangia zaidi ya uwezo wake, alisimama akasema, "Mwalimu, Mungu amefungua mlango na wewe umeufunga kwa vitabu." Watu waliitikia. Nilimjibu kwamba mlango uliofunguliwa na Mungu hauogopi kuulizwa maswali, na kwamba tiba hii bado iko kwenye utafiti. Utafiti wa kweli kwa kawaida haumtozi mgonjwa dola elfu ishirini, humwomba saini na kumweleza hatari. Hakuridhika. Hadi leo tunasalimiana vizuri, lakini jambo hilo tumeliacha palepale.

Aliyemaliza mjadala ni mdogo wangu mwenyewe. Alikuwa amekaa mlangoni muda wote, hakusema. Akauliza, "Dada, huyo mtu wa Poland alifanya mazoezi saa ngapi kwa siku?"

Nikamwambia saa tano, siku tano kwa wiki, kwa miaka.

"Basi hayo hayasubiri pua."

Fedha zilizokwisha kupatikana zilikuwa shilingi 3,200,000. Yeye ndiye aliyeomba zitumike vipi, na kamati ikakubali, wengine kwa shingo upande. Fundi wa kuchomelea alitutengenezea vyuma viwili sambamba vya mita tatu, vimesimikwa uani. Tulinunua mto mzuri wa kiti mwendo, kwa sababu vidonda vya kukaa ndivyo vinavyowaua wengi wa aina yake, na vinaanza kimya kwa kuwa hawasikii maumivu. Tukamwaga zege kutoka mlangoni hadi barabarani. Iliyobaki ikajenga mteremko wa kuingilia kanisani, upande wa kwaya. Kumbe mteremko ule ulikuwa unasubiriwa na wengi: bibi wawili wenye magoti, na mama wenye mikokoteni ya watoto.

Katika Marko sura ya 2, Yesu aliangalia imani ya wale waliombeba yule mwenye kupooza. Aliyelala kwenye godoro hakuulizwa kwanza kama imani yake imetosha. Sioni jinsi ya kusoma habari ile kisha kumwambia mgonjwa kwamba imani yake ndiyo pungufu. Waliotakiwa kuwa na imani, na misuli, na hata ujasiri wa kubomoa dari ya mwenye nyumba, ni wabebaji.

Nisieleweke kwamba tumeacha kuomba aponywe. Tunaomba. Naomba pia kwa ajili ya wale wanaoendelea kuzichunguza seli za pua. Raisman alifariki Januari 2017, kazi yake haijakamilika, wengine wameichukua. Kila inapotoka habari mpya mdogo wangu huniomba nimsomee, husikiliza mpaka mwisho, kisha huuliza wangapi walijaribiwa. Amekuwa mwanafunzi mgumu.

Lipo swali lake moja ambalo sijaweza. Aliniuliza wakati namgeuza usiku, maana hugeuzwa kila baada ya saa chache. "Kama Mungu aliweza kuipa pua neva mpya kila mara, mgongo aliunyima kwa nini?" Nilianza kujibu kimwalimu, kwamba pua huchakaa kwa kuwa iko wazi, na mgongo umefichwa ndani ya mfupa, na njia zake zikibadilika ovyo mtu angesahau hata kutembea. Ni kweli kiasi chake, lakini ni jibu la darasani. Mwanzo sura ya 2 inasema Mungu alimpulizia mtu pumzi ya uhai puani. Nilitaka kulitaja hilo nikaona litakuwa pambo tu. Nikanyamaza, nikamaliza kumgeuza, nikaangalia visigino vyake kama kuna wekundu.

Leo anasimama katikati ya vile vyuma dakika 20 asubuhi na 20 jioni, amefungwa vyuma vya miguu, mikono ikifanya kazi yote. Hajapiga hatua. Mkojo wake umekuwa na maambukizi mara chache zaidi kuliko zamani, na akisimama kifua hupata hewa. Kwenye kwaya sauti yake ya besi imeongezeka, mwalimu wa kwaya ameliona hilo mwenyewe.

Na pua yake inafanya kazi kwa sehemu zote zisizohisi. Mkojo ukianza kuharibika yeye huijua harufu siku moja kabla ya homa, tunawahi dawa. Juni iliyopita, kulipokuwa na baridi kali, alikuwa sebuleni karibu na jiko la mkaa, mimi niko uani. Aliniita kwa nguvu kwamba kuna kitu kinaungua. Ilikuwa pindo la blanketi lake, limeangukia jikoni, kiganja kimoja tu kutoka kwenye mguu. Nililivuta nikalimwagia maji. Ngozi ilikuwa nzima. Tangu siku hiyo jiko halikai tena ndani, hata baridi iweje, tunamwongezea soksi.